Pete Nne za Chumba cha Nyuma

Mimi hununua nyumba zilizochoka. Madalali huziita nyumba za kizamani, majirani huziita magofu, lakini mimi naziita zilizochoka, kwa sababu kitu kilichochoka ukikishughulikia vizuri huamka. Nilianza nikiwa bado na duka la vifaa vya ujenzi Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako kutwa nzima niliwauzia watu saruji na misumari kisha nikaona wanavyokwenda kuharibu. Siku moja nikajiambia, hawa wanaharibu kwa vifaa vyangu, heri niharibu mwenyewe. Ulikuwa utani, na kwa miaka kadhaa ulibaki kuwa utani.

Hii ni habari ya nyumba moja ya Kilosa, upande wa bondeni, kati ya reli na mto Mkondoa. Niliitengeneza vizuri sana, na kwa kuitengeneza huko nusura nimuue mama wa mtu. Mama huyo alikuwa hawezi kutembea. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nasimulia habari za majini. Watu wa mtaa ule wangependa iwe hivyo, nami pia ningependa, maana jini hubeba lawama bila kubisha.

Kukagua nyumba ya zamani ni kazi ya masikio. Naingia peke yangu, saa sita mchana, jua likiwa juu ya bati, ili kila tundu lijitaje kwa kuchora doa la mwanga sakafuni. Namwaga kikombe kimoja cha maji nione yanakimbilia wapi. Kisha natoa sarafu na kugonga kuta kwa mstari, chumba baada ya chumba. Plasta iliyoshika hutoa sauti fupi na kavu. Iliyoachia hulia kwa ndani, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anakujibu, na si mara moja nimejikuta nimesimama na sarafu yangu nikisubiri ajibu tena. Sipendi kukiri, lakini nyumba tupu hunitisha kila mara, na nimeingia nyingi.

Nina sharti moja nililojiwekea, na wengi wanaofanya kazi hii kwetu wanalo: siulizi majirani. Ukimuuliza jirani, jioni muuzaji ameshajua kuwa una hamu, na bei imepanda. Tena jirani hakupi habari ya nyumba, anakupa habari ya maiti. Atakuambia nani alifia chumba gani na nani husikika akilia, na mafundi wako wakisikia hawaonekani kesho yake. Kwa hiyo nilikuwa naingia, nagonga, nanunua, natengeneza, na majirani nawajua baadaye kwa salamu tu.

Nyumba hii niliuziwa na kijana anayeishi Dar es Salaam, ambaye babu yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Babu alikuja kutoka mbali kufuata kazi, akastaafu, akabaki kulima. Kijana alikuwa ameingia nyumba ile mara mbili tu maishani mwake. Matofali yalikuwa ya kuchoma, mazuri, ya rangi ya embe bivu. Bati lilikuwa zito la zamani, dari la mbao nene. Kuta kuanzia chini hadi kifuani zilipakwa rangi ya mafuta ya kijani, kama wengi wanavyopaka ili watoto wasichafue. Nilimuuliza dalali kama maji ya mto hufika.

"Zamani, mama," alisema. "Kabla ya kujengwa tuta la mto. Siku hizi yanapita zake."

Nilitaka kuamini, nikaamini.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni misumari. Kila msumari wa kutundikia nguo ulikuwa juu ya kichwa changu. Rafu ya vyombo jikoni ilikuwa juu mpaka ningehitaji kigoda kufikia sahani. Soketi za umeme zilikuwa karibu na dari. Katikati ya dari la sebule palikuwa na mfuniko wa mbao unaofunguka, na kingo zake zilikuwa zimelainishwa na mikono ya watu. Nilichungulia kwa ngazi nikaona masizi juu ya kenchi za paa, masizi ya kupikia. Nilishuka haraka. Nilisimama pale sebuleni nikapata hisia mbaya kwamba waliokaa humo hawakuwa wakikanyaga chini.

Kisha nikaingia chumba cha nyuma nikaziona pete. Zilikuwa nne, za chuma kinene kama kidole gumba, moja katika kila pembe, karibu sana na dari. Zilikuwa zimechimbiwa ukutani kwa saruji nzuri kuliko saruji yote ya nyumba ile. Nilipanda ngazi nikapitisha kidole ndani ya mojawapo. Nje ilikuwa na kutu, lakini ndani ilikuwa imelika na kung'aa, kwa sababu kitu kilipita humo kikivutwa, tena mara nyingi, kwa miaka. Nikiwa bado juu ya ngazi, treni ya mizigo ikapita, na pete zote nne zikaanza kulia kwa sauti nyembamba, pamoja. Treni ilipokwisha zikaacha. Niliweka sarafu yangu mfukoni na siku hiyo sikugonga ukuta mwingine.

Fundi wangu anatoka Zombo, huja kwa pikipiki na mfuko wake wa vyombo mgongoni. Ni mtu mzima mwenye akili, ila ana tabia iliyonichosha: hupiga hodi kwenye nyumba tupu. Husimama mlangoni, anapiga hodi tatu, anasubiri, ndipo anaingia, nami humcheka kila mara. Alipoziona pete alitoka nje, akaketi barazani.

"Bosi, humu watu walifungwa," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Hizo pembe nne. Mkono huku, mkono kule, na miguu hivyo hivyo. Mtu mwenye pepo asipotulia ndivyo anavyofanywa."

"Akafungwe darini? Yeye popo?"

Hakucheka. Siku ya pili wasaidizi wake hawakutokea, na siku ya tatu muuza maji alishusha madumu yake barabarani akakataa kuingia uani. Nilipandwa na hasira. Nyumba ikishapata hadithi haipangishiki, utakaa nayo mpaka uzeeke nayo. Nilimwambia fundi azikate pete zote kwa grainda tumalize maneno. Akakataa, kwa heshima, akitazama chini. Basi nikapanda mimi. Nilizikata kwa mikono yangu, cheche zikinirukia kwenye kanga, nikipiga kelele kwamba mwenye pepo na aje anitoe. Tatu zilianguka zikatulia. Ya nne ilianguka, ikasimama wima, ikabingirika ikatoka mlangoni, ikapita ukumbini hadi mlango wa mbele, ikalala hapo. Sakafu ilikuwa na mteremko, nilikuwa nimeshaupima kwa kikombe cha maji. Hata hivyo fundi alipanda pikipiki yake akaenda kuswali, na alirudi baada ya siku mbili.

Baada ya hapo nilifanya kazi ya kuonyesha watu. Nilibomoa dari lote la mbao kwa sababu mbao mbili zilikuwa na mchwa, nikaweka la jipsamu, jeupe na jepesi. Niling'oa misumari yote. Rafu niliishusha, soketi nikazishusha. Kuta nilizipiga skimu, ile plasta nyembamba ya juu, mpaka zikawa laini kama sahani, na juu yake rangi ya maziwa. Madirishani niliweka nondo mpya dhidi ya wezi. Jirani wa upande wa pili, mama wa rika langu anayekaanga vitumbua, alikuwa akipita kila siku akitazama vitu vinavyotolewa nje, akisema tu, "Hongera, mama, kazi inaendelea." Nami nikijibu, "Asante, dada," nikiendelea.

Aliyepanga alikuwa muuguzi, mwanamke mpole wa miaka kama thelathini na tano, asiyekosa kuniamkia hata kwenye ujumbe wa simu. Alikuwa akimuuguza mama yake aliyepigwa na kiharusi. Upande wa kulia wa mwili wa yule mama ulikuwa umekufa, na maneno nayo yalikuwa yamemtoka, yamebaki machache yanayokuja yenyewe yakitaka. Muuguzi alichagua chumba cha nyuma kwa ajili yake kwa kuwa kina hewa. Kitanda cha chuma alikiweka katikati ya chumba, mbali na kuta, ili aweze kumgeuza mama akiwa upande wowote na vidonda visimshike. Godoro alilinunua jipya na hakulivua nailoni yake. Mdogo wake wa kike alikaa na mama wakati yeye yuko zamu.

Baada ya miezi miwili akanipigia simu. Kulikuwa na madoa.

Yalikuwa manne. Yalitokea penye pete, yakichuruzika kidogo kwenda chini, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilijua sababu. Nilikuwa nimekata vichwa tu na kuacha vipande vya chuma ndani ya ukuta, na kutu hupenya rangi ya maji kama mchuzi unavyopenya karatasi. Nilipaka tena. Baada ya wiki tatu yakarudi, makubwa zaidi. Nikakwangua kwa msasa, nikatanguliza rangi ya mafuta, nikapaka. Yakarudi. Nilijua sababu, nimesema, lakini nataka kuwa mkweli: mara ya tatu nilipofungua mlango nikayaona yote manne yamerudi mahali pake, nywele zilinisimama.

Kilichonisumbua zaidi ni yule mama. Alilala chali, na macho yake yalikwenda doa kwa doa, pembe kwa pembe, polepole, kisha yakaanza upya. Binti yake aliniambia kwamba hasinzii tena mchana. Wakati mwingine alinyanyua mkono wake mzima, wa kushoto, akashika pembe ya shuka, akaivuta juu, akaishusha. Akaivuta juu tena.

"Labda anaona kitu, mama," muuguzi aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini. "Mimi ni mtu wa hospitali, siamini mambo hayo. Lakini anaona kitu."

"Anaona rangi mbaya," nilimjibu. "Nitakuja na dawa kali ya ukuta, tumalize."

Nilikwenda na dawa hiyo mchana mmoja wa masika ambao kwa Kilosa ulikuwa mkavu kabisa, anga jeupe, jua la kuchoma. Nilimkuta muuguzi amesimama mlangoni na sare yake, hana raha. Mdogo wake alikuwa ameitwa msibani Magole na zamu ilikuwa imefika. Nikamwambia aende tu, nitakaa na mama mpaka arudi, ninayo kazi ya kutosha humo ndani. Alinishukuru mara tatu. Akamweka mama vizuri, akafunga mlango wa uani kwa ndani, akaenda.

Nilimwamkia yule mama, nikapanda ngazi, nikaanza kukwangua. Alinifuata kwa macho. Nilipofika kwenye chuma cha pembe ya kwanza alitoa sauti, si neno, na mkono wake wa kushoto ukakamata shuka ukaivuta juu. Nilidhani anaona baridi. Nilishuka nikamfunika. Akaivuta shuka akaitupa, akashika tena pembe yake, akaivuta juu, akinitazama usoni kwa hasira ambayo sikuielewa. Nilirudi kwenye ngazi. Nilikuwa na haraka ya kumaliza na kutoka humo, nami nilikuwa naogopa, ingawa sikujua naogopa nini.

Kwanza nilisikia ukimya. Kuku wa jirani walikuwa wamenyamaza. Kisha nikaona sisimizi wanapanda ukutani kutoka chini, kwa wingi, kwa mstari mpana, wengine wamebeba mayai meupe. Mjusi akawapita. Chooni maji yakaanza kukoroma kwenye tundu, kama mtu anayesukutua koo. Hewa ikawa na harufu ya udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa linawaka vile vile. Nilishuka kwenye ngazi na mguu wangu ukakanyaga maji.

Yalikuwa yanaingia chini ya mlango bila sauti yoyote, ya kahawia, yamebeba majani makavu na kandambili moja ya mtoto. Nilifungua mlango wa mbele. Barabara ilikuwa inatembea. Watu walikuwa wanakimbilia tuta la reli wakipiga kelele, "Maji! Maji!" na juu yao anga halikuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani mto unakotoka, na sisi bondeni tulikuwa tumeanika nguo. Mwanamume mmoja alipita na watoto wawili mabegani, nikamwita, akanitazama, akaendelea. Simlaumu. Maji yakausukuma mlango kutoka mikononi mwangu, nikarudi ndani.

Nilijaribu kumbeba. Nilimkumbatia kwa nyuma nikavuta, na nikajua hapo hapo kuwa siwezi. Mwili ambao nusu yake haikusaidii ni mzito mara mbili. Maji yalinifika magotini, kisha yakagusa chuma cha kitanda. Nilitazama juu nitafute pa kumpandisha, na juu kulikuwa na jipsamu jeupe lisiloweza kubeba paka. Nikatazama kuta. Kuta zilikuwa laini kama nilivyozitaka.

Ndipo yule mama akashika tena pembe ya shuka akaivuta juu, nami nikaona. Kitanda kilikuwa na pembe nne. Chumba kilikuwa na pete nne. Kamba nne zingepita kwenye pete zile, na watu wawili au watatu wangevuta, na kitanda kingepanda taratibu na mtu wake juu yake mpaka chini ya dari, na maji yangepita chini. Misumari ya juu, rafu ya juu, soketi za juu, mfuniko wa dari na masizi ya jiko, nyumba nzima ilikuwa imejengwa kwa ajili ya siku hii. Wale watu walikuwa wanakanyaga chini kama sisi wote. Ila walijua kwamba siku nyingine chini hapatakuwapo. Yule mama alikuwa ameyatazama madoa yale kwa miezi, akilala katikati yake, asiyeweza kuinuka. Mtu aliyelala pale hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa akinionyesha.

"Nilizikata," nilimwambia. "Mama, nilizikata mimi." Nililia kwa sauti, mtu mzima.

Kilichotuokoa ni nailoni. Lile godoro lisilovuliwa nailoni yake liliinuka pamoja naye maji yalipozidi, likaelea, likiyumba. Nilipanda juu ya chuma cha kitanda, nikalishika godoro kwa mikono miwili nisiliache lipinduke, maji yakinifika kiunoni, kisha tumboni. Kila lilipokuwa likienda upande nilitafuta ukutani kitu cha kushika, hata msumari mmoja, na kiganja changu kiliteleza tu. Yule mama alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto. Hakupiga kelele hata mara moja. Juu yetu yale madoa manne yalikuwa karibu sana sasa, na maji yalipoyamulika kwa jua la dirishani yalionekana kama yanacheza. Tulikaa hivyo saa nyingi. Sijui ngapi.

Kabla ya magharibi nilisikia mtu mlangoni akipiga hodi. Hodi tatu, kwa sauti ya juu, ndani ya nyumba iliyojaa maji. Alikuwa fundi wangu, aliyekuwa na kazi siku hiyo upande wa juu wa mji, amejifunga kamba kiunoni na wanaume wawili nyuma yake. Nilimkaribisha kwa kilio. Walimtoa mama na godoro lake kwa kupitia ukumbini hadi kwenye tuta la reli, na pale ilibidi wavifungue vidole vyake kimoja kimoja viachie mkono wangu.

Muuguzi alikuja akikimbia na sare imelowa. Alipomwona mama yake anapumua alipiga magoti kwenye kokoto za reli mbele yangu. "Umeniokolea mama yangu," alisema. "Mungu akulipe." Watu walisikia. Kesho yake waliniletea uji, na msikitini jina langu likatajwa kwenye dua. Mama wa vitumbua alinikumbatia akasema hajaona mpangishaji wa namna hiyo. Niliipokea heshima hiyo siku tisa nzima. Sijui nieleze vipi, zaidi ya kusema kwamba ilikuwa tamu na kwamba nilikuwa silali.

Maji yalipopungua tulirudi kukagua. Skimu yangu ilikuwa imebanduka pamoja na rangi ya kijani, na chini yake mistari ya maji ya miaka mingine ilikuwa imejipanga ukutani, mmoja juu ya mwingine. Mama wa vitumbua alisimama nami chumba cha nyuma, akatazama pembe.

"Mzee wa reli alikuwa na mama yake hajiwezi," alisema. "Mvua ikianza huko juu, anapandishwa na kitanda chake, anapewa uji huko huko. Nimekuja kumwamkia mara nyingi. Mimi nimesimama hapa, yeye yuko kule juu, anaitikia."

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na nyumba ni yako, mama, nitaanzia wapi? Tukasema huyu ni mtu wa ujenzi, anajua anachofanya."

Siku ya kumi muuguzi alikuwa anahamisha vitu vyake kwenda chumba alichopata upande wa mlimani. Mama yake alikuwa ameketishwa kwenye bajaji, amefungwa kanga, ananitazama. Nilimwita muuguzi pembeni nikamwambia yote, kuanzia pete hadi grainda, na kwamba fundi alikataa nikapanda mimi. Nilitegemea atanitukana. Nadhani nilitaka anitukane. Alizitua chini sufuria mbili alizokuwa ameshika.

"Na zile nyumba zako nyingine, mama," akasema, "huko nako ulitoa nini?"

Alipanda bajaji akamshika mama yake begani, wakaondoka, nami nilibaki barazani nikizihesabu nyumba zangu kwa vidole na kukumbuka vitu nilivyong'oa, ukuta huu, kizingiti kile, ambavyo sikumuuliza mtu vilikuwa vinafanya nini pale. Mchana huo huo nilipanda gari la Mikumi.

Ninayo nyumba ya mwisho kabisa ya mtaa, ambako mashamba yanakwisha na pori la hifadhi linaanza. Nilipoinunua, jiko lake la nyuma lilikuwa halina dirisha, ila vitundu vidogo chini ya bati, giza totoro, na nilicheka ushamba wa aliyejenga. Nilivunja ukuta nikaweka dirisha kubwa la kioo. Mpangaji wangu wa pale anasaga mahindi na kuuza unga, na magunia yake huyaweka jikoni humo.

Nilifika saa kumi jioni. Alinipokea kwa furaha, mwanamke kijana, akanipa kigoda. Nilimuuliza kama kuna jambo lolote la ajabu hapo nyumbani. Akacheka kwa aibu kidogo.

"Ni kule nyuma tu, mama. Siku tatu hizi, karibu na kukucha, kuna kitu kinapumua dirishani. Pumzi kubwa. Mume wangu anasema ng'ombe wa Wamasai."

Nilikwenda jikoni. Nje ya kioo, juu kuliko kichwa changu, kulikuwa na alama ya tope, ya mviringo, pana kama sahani, na chini yake kioo kimepanguswa na kitu laini kilichopita juu na chini kikinusa. Ng'ombe hafiki pale. Tembo hufika, na akinusa unga huvunja ukuta. Nilimwambia ayatoe magunia ya unga sasa hivi, yote, tuyapeleke kwa jirani aliye mbali na pori. Kisha nikaona kirago kimetandikwa sakafuni, chini ya dirisha kabisa, na kanga ndogo juu yake.

"Hapa analala nani?"

"Mwanangu," alisema. "Kwingine kote kuna joto, hapa ndipo anapopata hewa. Hata juzi nilikuwa namwambia baba yake, tumshukuru sana mama kwa dirisha hili."

Nilipiga magoti nikakikunja kile kirago mwenyewe.